Kutoka Ukuta wa Mawe hadi Kigae cha Chungu: Wanaakiolojia wa Pwani ya Afrika Mashariki na Suala la Ubaguzi wa Rangi katika Taaluma Yao

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wanaakiolojia wa pwani ya Afrika Mashariki walivyokabiliana na ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya taaluma yao tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Hoja kuu ni kwamba ubaguzi huo haukukaa katika matusi, bali katika uteuzi wa mahali pa kuchimba na wa majina ya kuyaitia mabaki. Kwa sababu hiyo, marekebisho yaliyofaulu ni yale yaliyobadili mbinu na istilahi kwa pamoja. Makala yanaonesha mchango wa isimu historia katika marekebisho hayo, yanatahadharisha kuhusu majibu yanayobakiza swali la kibaguzi kama lilivyo, na yanahitimisha kwamba kazi hiyo bado haijafanyika ipasavyo katika Kiswahili chenyewe.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wa uzamili kwenda Kilwa Kisiwani. Tukiwa ndani ya Msikiti Mkuu, mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa aliyekuwa akituongoza alitueleza, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kwamba majengo yale yalijengwa na Waarabu na kwamba wazee wake yeye walikuja baadaye. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kwa adabu: “Babu, na kabla ya hapo wazee wako walikuwa wapi?” Mzee akafikiri kidogo, akajibu kwamba hilo hakuwahi kulisikia likielezwa.

Jibu lile halikuwa la ujinga. Mzee alikuwa akirudia kwa uaminifu kile ambacho wataalamu waliofika kisiwani kabla yetu walikisema na kukiandika. Tatizo ni kwamba wataalamu wenyewe walikuwa wamekwisha kukiacha. Wakati tunasimama pale, ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini tangu hoja ya kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka Asia ikosolewe kwa ushahidi wa udongo, wa vyungu na wa lugha. Masahihisho hayo yalikuwa yamefika katika maktaba za vyuo vikuu, lakini hayakuwa yamemfikia mtu anayeishi hatua mia chache kutoka kwenye magofu.

Makala haya yanajaribu kueleza jambo hilo. Kwanza, yanaangalia ubaguzi wa rangi ulikuwa wapi hasa katika akiolojia ya pwani. Pili, yanaeleza jinsi wanaakiolojia walivyoushughulikia ndani ya kazi zao za kitaaluma, yaani katika mashimo, katika majedwali ya vigae na katika istilahi. Tatu, yanauliza ni kitu gani bado hakijashughulikiwa. Mwandishi si mwanaakiolojia, ni mwanaisimu. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, sehemu kubwa ya kisa hiki inahusu maneno, na hapo mwanaisimu hawezi kujifanya mgeni.

2.0 Ubaguzi wa Wazi na Ubaguzi wa Istilahi

Kisa kinachotajwa zaidi katika mjadala wa ubaguzi na akiolojia barani Afrika ni kile cha Zimbabwe Kuu. Karl Mauch alipoyaona magofu hayo mwaka 1871 alidhani yanahusiana na Malkia wa Sheba. Theodore Bent alichimba hapo mwaka 1891 na kuyahusisha na watu wa kale kutoka nje ya Afrika. Richard Hall, aliyekuwa msimamizi wa mahali hapo kati ya 1902 na 1904, aliondoa matabaka mengi ya udongo kwa imani kwamba ni taka za wenyeji zilizofunika kazi ya wajenzi halisi. Kwa kufanya hivyo aliuteketeza ushahidi wenyewe. David Randall-MacIver alipofika mwaka 1905 alionesha kwamba mabaki yaliyosalia ni ya Kiafrika na ni ya zama za kati, na Gertrude Caton-Thompson alithibitisha hilo kwa uchimbaji wake wa mwaka 1929. Ushahidi haukuyabadili matakwa ya walowezi. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale huko Rhodesia, aliondoka nchini humo mwaka 1970 kwa kuwa serikali haikuvumilia msimamo wake kwamba Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika.

Kisa hiki kina faida na hasara kwa anayetaka kuelewa pwani. Faida yake ni kwamba kinaonesha waziwazi uhusiano wa dola, ardhi na elimu. Hasara yake ni kwamba kinatuzoesha kuutafuta ubaguzi katika uongo wa makusudi. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na Hall wake. Wachimbaji wake wakuu wa katikati ya karne ya 20 walikuwa watafiti makini, wenye subira, waliochapisha matokeo yao kwa ukamilifu.

James Kirkman alianza kazi Gedi mwaka 1948, na baadaye akachimba Ngome ya Yesu huko Mombasa. Neville Chittick alikuwa mhifadhi wa mambo ya kale Tanganyika kabla ya kuiongoza Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika Mashariki. Uchimbaji wake wa Kilwa, uliochapishwa katika juzuu mbili mwaka 1974, bado ni marejeo ambayo hakuna anayeweza kuyakwepa. Hata hivyo, kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliitwa The Arab City of Gedi. Kabla ya msomaji kufungua ukurasa wa kwanza, jina la kitabu limekwisha kumwambia mji ni wa nani. Miaka kumi baadaye, katika Men and Monuments on the East African Coast, Kirkman alieleza kwamba majengo ya kale ya pwani si ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi walioingia uarabuni. Kwamba hao walikuwa wamechanganyika kwa damu na Waafrika, lakini kiutamaduni walikuwa mbali nao kabisa.

Kauli hii inastahili kuangaliwa kwa makini. Haikatai kwamba wakazi wa Gedi walikuwa na damu ya Kiafrika. Inachokataa ni kwamba Uafrika wao ungeweza kuwa na mchango wowote katika jiwe, chokaa, mihrabu na mpangilio wa mitaa. Mwafrika anakubaliwa kama mzazi lakini hakubaliwi kama mjenzi. Huu si uzushi wa Kirkman peke yake. Ndio muundo wa fikra uliotawala tangu Reginald Coupland alipoipa historia yake ya mwaka 1938 jina la East Africa and Its Invaders, na ulilingana na nadharia ya Wahamiti iliyoenezwa na C. G. Seligman mwaka 1930, ambayo kwayo kila maendeleo barani Afrika yalihitaji mleta-maendeleo kutoka nje.

3.0 Ukuta, Chungu na Majina Yake

Muundo huo wa fikra uliingiaje shimoni? Uliingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uteuzi wa mahali pa kuchimba. Mchimbaji aliyefika pwani alivutiwa na kuta zilizosimama: misikiti, majumba, makaburi ya nguzo. Alichimba ndani ya kuta hizo na kandokando yake. Lakini katika miji ya Waswahili, nyumba za mawe ya matumbawe zilikuwa za wachache, na katika karne za mwanzo hazikuwapo kabisa. Watu wengi walikaa katika nyumba za fito na udongo. Nyumba ya namna hiyo ikianguka hurudi kuwa ardhi. Haiachi gofu, huacha doa la rangi tofauti katika udongo, mashimo ya nguzo, na vipande vya udongo vyenye alama za fito. Anayefuata ukuta wa mawe hawezi kuiona. Hivyo, bila mtu yeyote kutoa kauli ya kibaguzi, wakazi wengi wa miji hiyo waliondolewa katika historia kwa sababu tu ya mahali jembe lilipoelekezwa.

Njia ya pili ni majina. Katika ripoti za wakati huo, vyombo vilivyotoka nje viliitwa kwa nchi, nasaba au ustadi wake: vya Kichina, vya Kisasania na Kiislamu, vya kung’arishwa kwa rangi fulani. Vyungu vilivyofinyangwa pwani, ambavyo ndivyo vingi zaidi karibu katika kila tabaka, Chittick aliviita katika ripoti ya Kilwa “vyombo vya mapema vya jikoni”. Chombo cha mgeni kilipewa asili. Cha mwenyeji kilipewa kazi. Cha kwanza kikawa ushahidi wa historia, yaani wa tarehe, wa biashara na wa uhamiaji. Cha pili kikawa ushahidi wa mapishi.

Matokeo yake yanaonekana vizuri zaidi Manda. Katika tabaka la chini la mji huo Chittick alikuta vyombo vingi vya kutoka Ghuba vya karne ya 9 pamoja na vyungu vya pwani. Aliamua kwamba waanzilishi walikuwa wahamiaji kutoka Ghuba. Data zilikuwa sahihi. Kilichoamua tafsiri ni kwamba aina moja ya vigae ilikuwa na haki ya kusema na nyingine haikuwa nayo. Ndiyo maana Mark Horton aliweza, katika makala ya mwaka 1986, kuusoma upya ushahidi wa Manda bila kumtuhumu Chittick kwa udanganyifu wowote. Alibadili kitu kimoja tu: alivipa vyungu vya pwani uzito uleule waliopewa wageni wao.

Mabadiliko makubwa yalitokea Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kuchapisha ripoti yake mwaka 1996. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mfululizo wa misikiti, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, na ilianzia karne ya 8. Vyungu vya pwani vilikuwapo tangu mwanzo na viliendelea bila kukatika. Hapakuwa na siku ambayo wageni walishuka na mji wao tayari kichwani. Palikuwa na jamii ya wenyeji iliyosilimu polepole, ikafanya biashara, ikabadili vifaa vyake vya ujenzi kutoka mti hadi tumbawe. Jiwe halikuwa alama ya kufika kwa kabila jingine. Lilikuwa hatua katika maisha ya watu walewale.

Baada ya hapo, suala la majina likawa uwanja wa mjadala wa wazi. Robert Soper alikuwa amekwisha kuonesha njia mwaka 1967 kwa kuviita vyungu vya awali vya wakulima wa pwani kwa jina la Kwale, mahali vilipopatikana. Vyungu vilivyofuata vikaitwa na baadhi ya watafiti kwa jina la mto Tana. Felix Chami, katika tasnifu yake ya mwaka 1994 juu ya pwani ya Tanzania, alilikataa jina hilo kwa kuwa linaelekeza asili upande mmoja wa kaskazini, ilhali vyungu hivyo vinapatikana pwani yote na hata bara. Akapendekeza jina linalotokana na urembo wenyewe, yaani michoro ya pembetatu iliyochanjwa. Chami alipinga pia rai ya kuwapa Wakushi wafugaji nafasi ya uanzilishi, akisisitiza jamii za wakulima wasema Kibantu. Mtu asiyejua historia ya taaluma hii angeweza kuuona ugomvi huo kuwa wa wataalamu kugombania visahani. Haukuwa hivyo. Ulikuwa ugomvi juu ya nani ana haki ya kuwa mwanzo.

Ni muhimu pia kutaja ni nani walioingia shimoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Kizazi cha kina Chami, George Abungu, Chapurukha Kusimba na Abdurahman Juma kilichimba pwani kikiwa na maswali yaliyotokana na kuishi na watu wenye lugha na vyungu hivyo. Kwa upande mwingine, Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette waliandika mwaka 1999 juu ya nyumba za fito na udongo kama makao ya walio wengi waliofichika, na kazi za Pemba na Songo Mnara zilizofuata zilitafuta kwa makusudi nyua, vijiji na maeneo ya wazi. Ubaguzi ulishughulikiwa hapa kwa kupima sehemu ambazo hazikupimwa, wala si kwa kutoa matamko.

4.0 Isimu Historia kama Shahidi

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba taaluma yetu ilikuwa na Kirkman wake. Kiswahili kiliitwa lugha chotara, au pijini, au Kiarabu kilichochakaa, kwa sababu ileile iliyoufanya mji wa Gedi uitwe wa Waarabu: kipengele kilichoonekana kwa haraka, yaani msamiati wa mkopo, kilichukuliwa kuwa ndio asili. Msamiati wa mkopo katika lugha ni kama chombo cha Kichina katika tabaka la udongo. Unang’aa, una anwani, na humvuta mtazamaji asiangalie kilichouzunguka.

Derek Nurse na Thomas Spear (1985) walifanya kwa lugha jambo linalofanana na lile lililokuwa likifanywa Shanga. Waliacha maneno yanayong’aa wakaangalia mfumo: mabadiliko ya sauti, ngeli, viambishi vya kitenzi, msamiati wa msingi. Walionesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro katika kundi la Sabaki. Nurse na Thomas Hinnebusch (1993) waliliendeleza jambo hilo kwa kina zaidi. La muhimu kwa wanahistoria ni kwamba sehemu kubwa ya maneno ya Kiarabu haikuingia mwanzoni mwa historia ya lugha, bali baadaye, wakati miji ilikuwa imekwisha kusimama kwa karne nyingi. Kama Kiarabu kingekuwa mzazi, maneno yake yangetangulia. Mfuatano huu unaonesha kwamba kilikuwa jirani.

Ushahidi huu haukutumika kama pambo. Katika tabaka la udongo kuna vyungu vinavyofanana na vya bara. Katika lugha kuna sauti na ngeli zinazofanana na za bara. Mashahidi wawili wasiofahamiana, waliohojiwa kwa mbinu tofauti, walitoa maelezo yanayopatana. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa ushindi mkubwa zaidi dhidi ya ubaguzi katika masomo ya pwani, kwa sababu haukutegemea huruma wala utaifa wa msomaji. Mtu anaweza kumchukia Mwafrika na bado asiweze kuyakanusha mabadiliko ya sauti ya Sabaki.

5.0 Mtego wa Jibu

Hata hivyo, kuna namna ya kujibu ubaguzi ambayo hulibakiza swali lake. Anayesema “Waarabu walijenga” na anayejibu “La, Waafrika tupu walijenga” wamekubaliana juu ya jambo moja: kwamba jengo lina damu, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuipima. Katika miaka ya mapambano ya uhuru na baada yake jibu hilo la pili lilikuwa na uzito wa kisiasa unaoeleweka. Lakini pwani yenyewe hailikubali kwa urahisi.

Tuchukue neno Shirazi. Tarehe ya Kilwa, inayojulikana kwa maandishi ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Kireno wa João de Barros wa mwaka 1552, inaeleza ujio wa watawala wenye asili ya Shiraz. Chittick aliandika juu ya ukoloni wa Washirazi mwaka 1965. Allen, katika kitabu kilichotoka mwaka 1993 baada ya kifo chake, aliliona jina hilo kuwa dai la hadhi zaidi kuliko kumbukumbu ya safari. Wakati huohuo, watu waliojiita Washirazi Unguja na Pemba ni wasema Kiswahili wenyeji wa visiwa, na nusu ya jina la chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa mwaka 1957 ni jina lao. Utawala wa kikoloni uliongeza ugumu: sheria zilipotenganisha “mwenyeji” na “asiye mwenyeji” katika kodi na haki, makundi ya Waswahili wa Mombasa yalikuwa na sababu za msingi za kudai Uarabu. Mwanaakiolojia aliyewasikiliza akadhani anasikia historia ya kale. Kwa sehemu alikuwa akisikia mwangwi wa sheria ya serikali yake mwenyewe.

Mwaka 2023 mtego huu ulitegwa upya. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature, ambao Kusimba ni mmoja wa waandishi wake, ulichunguza mabaki ya watu 80 kutoka miji ya pwani ya kati ya miaka 1250 na 1800 pamoja na mji mmoja wa bara. Kwa wengi wa watu wa pwani, asili ya upande wa kike ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na asili ya upande wa kiume ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Asia, hasa ya Uajemi pamoja na sehemu ya Kihindi. Mchanganyiko huo ulianza kufikia takribani mwaka 1000. Baada ya 1500, asili ya Asia ilizidi kutoka Arabuni.

Ni rahisi kusikia katika matokeo haya sauti ya Kirkman ikirejea: kumbe walikuwa Waajemi. Usomaji huo una makosa matatu. La kwanza ni la tarehe: Shanga ilikuwa na misikiti, vyungu na mitaa kwa zaidi ya karne mbili kabla ya mwaka 1000. La pili ni la sampuli: waliochunguzwa kwa sehemu kubwa ni waliozikwa katika makaburi ya heshima ya miji ya mawe. Ukuta wa mawe umetuchagulia tena nani wa kuangaliwa, na wakazi wa nyumba za udongo wamebaki nje. La tatu ni la mantiki: watoto wa baba hao walizungumza lugha ya mama zao. Kama asili ya baba ingekuwa ndiyo mwenye utamaduni, leo tungeandika jarida hili kwa Kiajemi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwaeleza wengi wa wakazi wake kuwa weusi wenye chale usoni, na papo hapo akausifu mji wao kwa uzuri. Yeye hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Mgongano ulipatikana karne nyingi baadaye, katika vichwa vya wasomaji wake.

Jibu lenye faida kwa ubaguzi ni lile linalokataa kwamba jamii inayopokea wageni, dini na vyombo lazima iwe imepoteza umiliki wa kazi yake. Hakuna anayeuliza kama kanisa kuu la Canterbury ni la Waingereza kwa sababu Ukristo ulitoka Palestina.

6.0 Kazi Iliyobaki katika Kiswahili

Sasa nirudi kwa mzee wa Kilwa. Takribani kila kazi niliyoitaja hapo juu imeandikwa kwa Kiingereza. Masahihisho ya akiolojia yalifanyika katika lugha ambayo yeye haisomi, ilhali makosa yalimfikia zamani kupitia shule, watawala na waongoza wageni. Hivyo lugha iliyokuwa shahidi wa kuwatetea wajenzi ndiyo inayoendelea kubeba madai ya kuwanyang’anya. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni neno kienyeji. Nimekuwa nikiwapa wanafunzi kazi ya kutafsiri maelezo ya vigae kutoka Kiingereza, na karibu wote huandika “vyungu vya kienyeji”. Kisarufi hakuna kosa. Kimatumizi, hata hivyo, kiambishi ki- hapa kinataja namna au ubora, si mwenye kitu. Pombe ya kienyeji na dawa za kienyeji ni vitu vinavyopimwa kwa kulinganishwa na vya kisasa. Ni kweli kwamba kuku wa kienyeji siku hizi ana bei kubwa kuliko mwenzake, lakini bado anatajwa kama aina, si kama mali ya fulani. “Vyungu vya wenyeji” hutaja watu. “Vyungu vya Kilwa” hutaja mahali, kama vile tunavyotaja vyombo vya China.

Wa pili ni kitenzi kuleta. Katika maelezo mengi ya Kiswahili ya historia ya pwani, Uislamu uliletwa, biashara ililetwa, ujenzi wa mawe uliletwa. Mwenyeji hana kitenzi hata kimoja. Shanga inatupa vitenzi vingine: waliupokea, waliujenga, waliupanua, walibadili. Mwandishi wa kitabu cha shule hahitaji nadharia mpya ili kuvitumia.

Wa tatu, na mgumu zaidi, ni ustaarabu. Neno hili linatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa Mwarabu. Randall Pouwels (1987) ameonesha jinsi neno la zamani zaidi, uungwana, lilivyopoteza nafasi yake ya kuwa kipimo cha maisha ya mjini na kuachia ustaarabu wakati wa utawala wa Waomani katika karne ya 19. Uungwana ulimpima mtu kwa mji wake na mwenendo wake. Ustaarabu, kwa asili yake, ulimpima kwa kukaribia kwake Uarabu. Sisemi tulifute neno hilo. Wasemaji wa leo wanapomwambia mtoto awe mstaarabu hawana Mwarabu akilini, na asili ya neno si maana yake. Lakini tunapoandika “ustaarabu wa Waswahili wa karne ya 10”, tunaitumia istilahi ya karne ya 19 kuieleza jamii ambayo haikuijua, na neno lenyewe linaingiza jibu kabla ya swali kuulizwa. Katika muktadha huo wa kihistoria, uungwana, au maisha ya mjini, ni sahihi zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba wanaakiolojia wa pwani waliushughulikia ubaguzi wa rangi kwa mafanikio pale walipobadili mambo matatu: mahali pa kuchimba, kigae cha kuhesabiwa, na jina la kukiitia. Lawama kwa watangulizi zilikuwa na nafasi ndogo. Ripoti za Chittick zilizaa kanusho la hitimisho lake mwenyewe kwa sababu alihesabu na kuchapisha hata kile alichokiona hakina neno la kusema. Huo ni uadilifu wa kitaaluma unaofaa kuheshimiwa na kuigwa.

Jambo la nne, yaani lugha ya kuripotia, bado halijabadilika. Taarifa fupi ya Kiswahili katika kila ripoti ya uchimbaji, mabango ya magofu yaliyoandikwa na wanaakiolojia wakishirikiana na wanaisimu, na kamusi ya istilahi za akiolojia inayojali tofauti kati ya kienyeji na wenyeji, ni kazi zilizo ndani ya uwezo wa idara zetu. Zisipofanywa, mwanafunzi mwingine atasimama ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, atauliza swali lilelile, na mjukuu wa mzee yule atalazimika kutoa jibu la babu yake.